Pembe Moja ya Muthama

Kwanza niseme hivi: siku Muthama aliponunua gitaa kwangu, sikumwambia uongo hata mmoja. Nimelipekua jambo hili moyoni mara nyingi, nikitafuta neno moja la uongo nililolitamka, na sijalipata. Lakini ukisikia mtu anajisifu kwamba hakusema uongo, mwangalie vizuri. Mtu msafi hana haja ya kupekua maneno yake.

Mimi naitwa Nzomo, seremala wa Mukuyuni. Nilikuwa pia mzee wa kanisa, na vitanda nilivyotengeneza bado vinalaliwa. Lakini kilichofikisha jina langu mbali si vitanda, ni magitaa ya umeme. Miaka ya sabini kila kijiji cha Ukambani kilikuwa na bendi, na kila bendi ilikuwa na gitaa lililoharibika. Waliniletea shingo zilizopinda na nyaya zilizokatika, nikatengeneza, wakaenda kupiga harusini, wakaniletea tena.

Siku moja kiongozi wa bendi fulani alikuja na picha aliyoikata gazetini. Ilikuwa ya gitaa la Kimarekani la miaka ya hamsini, lenye pembe moja ndefu upande wa juu, na upande wa chini limekatwa bapa. Wanamuziki wetu waliliita Pembe Moja. Yalitengenezwa machache, halafu kiwanda kikaacha, na watu walisema Kenya nzima yako mawili tu. Kama ni kweli sijui, lakini mwanamuziki akilitaja alishusha sauti kama anayetaja mchumba wa mtu.

"Fundi, unaweza kunitengenezea kama hii?"

Nikamwambia anipe mwezi mmoja.

Nilichukua gitaa kuukuu la Kijapani, lile ambalo mwenyewe amelichoka na rangi imebanduka. Nikakwangua rangi iliyobaki, nikakata pembe ya chini kwa msumeno, nikaongeza ya juu kwa kipande cha mukau. Mukau ndio mti wetu wa milango na vitanda, ni mwekundu ndani na hauliwi na mchwa, na mimi nilikuwa na mabaki mengi karakana. Matundu ya zamani niliyaziba kwa mukau uo huo, nikayafunika kwa bamba la plastiki. Rangi ilipigwa na jirani yangu anayenyoosha magari. Mumbua, mke wangu, ndiye aliyeleta wazo la chai. Plastiki mpya ni nyeupe mno, na gitaa la miaka ishirini haliwezi kuwa na plastiki nyeupe. Akaniambia nilichemshe lile bamba katika majani ya chai. "Kwani kikombe changu kiligeuka rangi kwa nini?" akasema. Lilitoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, safi kabisa.

Lile la kwanza nililiuza kama mfano, na kila mtu alijua ni mfano. La pili vilevile. La tatu ndilo lililoniharibu, maana lilitoka zuri kupita kiasi. Nililichakaza kwa funguo na bizimu la mkanda mahali ambapo kiwiko cha mpigaji husugua, nikalitundika juu ya moshi wa jikoni wiki nzima, nikaazima kwa fundi wa baiskeli vile vyuma vya kugongea nambari, nikaligongea nambari. Mtu anayetengeneza mfano hana haja ya nambari. Niliigonga huku nikijiambia ni urembo tu.

Muthama alikuja siku ya soko mwaka wa sabini na tisa. Alikuwa dalali wa ng'ombe kutoka Kyuso, mtu mrefu mwenye kicheko cha karibu, na mwisho wa wiki alipiga gitaa katika bendi za wengine. Alikuwa amechoka kupigia wengine. Alitaka bendi yake, na alijua kwamba mwenye Pembe Moja hatafuti wapigaji, wapigaji humtafuta yeye. Alisimama mbele ya gitaa langu muda mrefu bila kuligusa.

"Fundi," akasema, "hii ni yenyewe?"

Mlangoni walikuwa wamesimama watu watatu wakisikiliza. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilitaka kuona kama macho ya mtu mwerevu yataishinda mikono yangu.

"Angalia mwenyewe," nikamwambia.

Akaliangalia kama anavyoangalia ng'ombe. Aliligeuza tumbo na mgongo, akapapasa shingo, akasoma nambari kwa kidole. Kisha akaliunganisha na spika yangu ndogo ya betri ya gari, akapiga, na lile gitaa likaimba. Sisemi hivi kwa kujisifu. Liliimba kweli, na watu watatu wakawa kumi na watatu.

"Hii imekula miaka," akasema.

Nikanyamaza. Katika biashara ya ng'ombe, ambayo yeye aliijua kuliko mimi, muuzaji hamwonyeshi mtu kasoro za mnyama wake. Mwenye macho ni mnunuzi. Nikajiambia kwamba ninamfanyia vile anavyowafanyia wenzake kila Jumatano mnadani. Akaenda Kyuso, akauza ng'ombe wanne wa maziwa na fahali mmoja, akarudi baada ya wiki mbili akalichukua.

"Ulimwambia?" Mumbua aliniuliza tulipokuwa tukila.

"Hakuuliza vizuri," nikasema. Mumbua akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Sikutengeneza Pembe Moja nyingine baada ya hiyo. Habari za Muthama zilinifikia kupitia wafanyabiashara wa pojo. Nilisikia ana bendi, nikasikia amepiga Mwingi uwanja ukajaa, nikasikia mkewe Syombua amejifungua msichana, wakamwita Kavata. Kila habari njema niliipokea kama malipo ya deni langu. Nilisema: gitaa linaimba, mtu ana furaha, nani ameumia? Siku za mwizi ni arobaini, lakini mimi nilikuwa nimepewa miaka mitano.

Mwaka wa themanini na nne mvua ya kwanza ilikataa kabisa. Wazee wanaikumbuka njaa ile kwa jina la Nikwa Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nazo mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakuona cha kununua. Tulikula mahindi ya njano ya msaada. Huku Mukuyuni niliwaokoa maksai wangu wawili kwa kuwakatia majani ya miti milimani, lakini kule Kyuso ng'ombe waliisha. Walianguka njiani, na wenyewe wakawaacha palepale.

Basi mfanyabiashara mmoja wa pojo, ambaye sasa hakuwa na pojo, akaniletea habari akicheka. Alisema watu wa Kyuso wanamwita Muthama mwerevu. Wote waliomcheka alipotoa ng'ombe watano kwa kipande cha mbao, sasa ng'ombe wao ni mifupa, na ng'ombe wa Muthama amening'inia ukutani. Halii njaa, wala hanywi maji. Muthama mwenyewe huwaambia: mvua ikikaribia nitamuuza, ninunue maksai wawili na plau, nilime mapema kuliko ninyi nyote.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita mbele niombee mvua. Nilisimama pale, macho nimefumba, na neno mvua likanikwama. Maana ikija mvua, Muthama atauza. Nikaombea wagonjwa. Kanisa zima lilisema amina, na mimi nikarudi kwenye benchi nikiwa nimeloa jasho.

Alifika mwezi wa kumi, mawingu yalipoanza kukusanyika. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Gitaa alilibeba mgongoni ndani ya gunia safi.

"Fundi, tumebaki na jembe mbili na watoto wanne," akasema akiketi. "Mbegu ninayo, nilificha. Sasa kuna mtu wa duka la muziki Machakos, ameniambia nikileta Pembe Moja ya ukweli ananipa pesa ya maksai wawili na plau. Lakini anataka barua ya fundi. Wewe ni fundi, tena ni mzee wa kanisa. Niandikie tu, hii ni yenyewe. Uweke sahihi."

Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi aliyoikunja vizuri, na kalamu. Alikuwa amekuja na kalamu yake.

Miaka mitano nilikuwa nimejificha nyuma ya kutosema. Sasa nilitakiwa niandike, tena kwa mkono wangu. Nilishika kalamu ile nikaiweka chini.

"Siwezi kuandika, Muthama. Hii gitaa si ile ya ukweli."

Alinitazama. Nilingoja hasira. Badala yake uso wake ukafunguka polepole, akacheka hadi akashika goti langu.

"Wewe Fundi. Kumbe unaitaka wewe mwenyewe."

"Nakuambia si ya ukweli."

"Mimi nimekaa soko ya ng'ombe miaka ishirini. Abdow wa Tseikuru akitaka mbuzi yangu, anaanza kusema iko na kikohozi. Akiitaka sana, anasema hiyo imekufa jana." Akapangusa macho. "Sawa, ni mgonjwa. Unatoa ngapi?"

"Sinunui."

"Ndiyo, hata Abdow husema hanunui. Anaenda hatua kumi, anarudi."

Ningeweza kuchukua bisibisi. Ilikuwa pale mezani, karibu na mkono wangu. Skrubu sita, bamba lingetoka, na mukau ungeonekana. Ningeweza pia kusema maneno mawili zaidi, ni mimi, na hakuna dalali wa ng'ombe duniani ambaye angeyaita hayo kutafuta bei. Sikusema. Nilichosikia kifuani kilikuwa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonichoma kuliko yote. Nilifurahi kwamba hakuniamini. Nilijiambia: Nzomo, umesema, amekataa mwenyewe, mikono yako ni safi.

Muthama alikunja karatasi yake tupu, akaniambia sina haja ya kuona aibu, biashara ni biashara, na kama nitabadilisha nia atapita tena akirudi. Akabeba gunia akaenda kutafuta gari la Machakos.

Mumbua alikuwa amesikia kila kitu kutoka upande wa jikoni. Chakula alipakua, akaenda kula na mtoto wetu Ndeti na wadogo zake.

Muthama alirudi siku ya tano. Shati lilikuwa chafu kwenye kola na alitembea kama mtu aliyelala sakafuni. Gunia lilikuwa begani, na mkono wa kushoto alishika kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa uzi. Kuku wakati ule walikuwa ghali kuliko haki. Alimkabidhi Mumbua kwa mikono miwili.

"Mama Ndeti, hii ni yenu," akasema. Kisha akaketi kwenye kigoda changu, akavua kofia.

"Fundi, nimekuja kuomba msamaha."

Nikamwambia anywe maji kwanza. Akakataa.

"Wacha niseme. Yule mtu wa duka alifungua hii kitu mbele ya watu. Akatoa hiyo plastiki. Akaniita, njoo uone Amerika yako. Ndani ni mukau, Fundi. Mukau, kama mlango ya nyumba yangu. Watu wakacheka, halafu mmoja akaita polisi, ati mimi natembea nikiuza vitu bandia. Nimelala ndani siku mbili."

"Walikuuliza nani alikuuzia?" Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Waliuliza sana. Nikasema simjui, nilinunua barabarani." Akanitazama moja kwa moja. "Ningekutaja namna gani? Wewe uliniambia. Dunia nzima ni wewe peke yako uliniambia ukweli, na mimi nikakucheka, nikakufanya kama Abdow. Nilikuona mwizi, Fundi, na wewe ulikuwa unaniokoa. Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nisamehe."

Mumbua alikuwa bado amesimama mlangoni na kuku mikononi. Nilijua ananitazama, nikaangalia randa iliyokuwa mezani.

"Nimefikiri njia yote," Muthama akaendelea. "Mukau haimei Amerika. Kwa hivyo ni Mkamba alifanya hii kazi. Huyo mtu alikudanganya wewe kwanza, ukaniuzia bila kujua. Na wewe unajua mkono wa kila fundi kutoka hapa mpaka Kitui. Niambie tu ni nani. Siendi kwa polisi. Nataka kumwona uso, nimwambie watoto wangu wanaitwaje."

Kulikuwa na fundi mmoja wa Wote aliyefariki mwaka uliotangulia, mtu asiyekuwa na mke wala mtoto. Jina lake lilinijia lenyewe, likiwa tayari kabisa, likakaa kwenye ulimi. Hakuna ambaye angeumia. Ndivyo nilivyosema pia juu ya gitaa.

"Wanaitwa nani?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Watoto."

Akanitazama bila kuelewa. "Kisilu. Kalunde. Mutie. Na Kavata, huyo mdogo."

"Ni mimi," nikasema.

Hakucheka safari hii. Nikamweleza yote, gitaa la Kijapani, msumeno, chai, moshi, nambari niliyoigonga na vyuma vya fundi wa baiskeli. Nilieleza haraka haraka na kwa urefu, kama mtu anayetapika. Nikafika hadi pale nilipoweka kalamu chini. Muthama alisikiliza kofia ikiwa magotini, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile nilisema unatafuta bei. Bisibisi ilikuwa hapo. Mbona ulinyamaza?"

"Nilifurahi kwamba hukuniamini."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia ya mahali anapokwenda.

Nilisimama nikamwongoza hadi zizini. Maksai wangu walikuwa wawili, wamekonda lakini wamesimama, na plau imeegemea ua. Nikamwambia awachukue wote pamoja na plau, ni wake, sitaki kitu. Nilidhani atakataa. Pengine nilitaka akatae, aniachie angalau hilo.

"Nitachukua," akasema. "Si ati tumemaliza. Mvua inakuja, na watoto wangu hawawezi kula hasira." Aliwafungua kamba mwenyewe. Kisha akasimama, kamba mkononi, bila kuondoka.

"Iko kitu kingine yangu uko nayo."

"Sema. Nitakupa."

"Nilikaa kwa kigoda yako nikatoa kofia. Nikakuomba msamaha mbele ya mama Ndeti. Hiyo nirudishie."

"Muthama, mimi ndiye ninayekuomba. Nisamehe."

"Hapana. Hiyo ni yako, kaa nayo. Mimi nataka yangu."

Akangoja. Sikufikiri kwamba anatania, na hakuwa anatania. Alisimama pale kama mteja anayengoja baki yake dukani, akinitazama mikono, na mimi nikaitazama pia. Hakuna neno nililokuwa nalo ambalo lingemrudishia ule msamaha aliouomba.

Mumbua akatoka na kuku, bado mzima, akampa. Muthama akampokea, akamfunga juu ya mpini wa plau, akawaswaga wale maksai kuelekea barabarani. Kutoka kwetu hadi Kyuso ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, lakini alikuwa mtu wa ng'ombe. Mvua ilinyesha wiki ya pili, na nilisikia kwamba alilima.

Uzee wa kanisa niliuacha mwezi uleule, nikasimama mbele ya watu nikasema sababu. Wengi walinijia baadaye wakanishika mkono, wakaniambia nimesamehewa. Niliwashukuru. Muthama hakuja tena Mukuyuni. Hadi leo nikiketi kwenye kile kigoda namsikia akisema nisamehe, na ninainuka nikakae kwingine.